Hatua Tisa Kutoka Mlangoni Hadi Mezani

Sogea unisikilize kidogo, wewe unayesoma, na hasa kama ni kijana unayefikiria kufanya kazi ya hospitali. Nataka kukueleza kazi ambayo watu wengi huipitia kwa robo saa tu maishani, wakiwa wamevua shati na kushikwa na wasiwasi, kisha wanaisahau. Kwa miaka thelathini na minne nilipiga picha za ndani ya miili ya watu, kwanza Embu, baadaye Meru. Wagonjwa walikuwa wakiniita daktari wa picha, nami nilichoka kuwasahihisha. Daktari ndiye anayeomba picha, na daktari mwingine ndiye anayeisoma. Mimi nilikuwa katikati yao, mtu wa kumlaza mgonjwa, kumtuliza, kumwambia avute pumzi au aizuie, na kuhakikisha picha inatoka safi. Sasa nimestaafu, nalima maharagwe na vitunguu kwetu Ruiri, na naweza kusema bila kuona haya kwamba kazi hiyo niliifanya vizuri. Mara moja niliifanya vibaya. Hiyo pia nitakueleza, kwa sababu bila hiyo hutaielewa ile ninayojivunia.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Embu. Nilifika saa moja asubuhi nikiwa na koti jeupe ambalo mama yangu alikuwa amelipiga pasi ya makaa mpaka kola ikasimama wima. Mkuu wa Idara alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta ya hospitali. Nilitarajia anionyeshe mashine. Aliniambia nisimame ukutani, nihesabu.

Nikasimama mpaka saa nne. Aliponiuliza nimehesabu ngapi, nikamjibu kwa kujiamini kwamba wagonjwa ni kumi na wawili.

"Sikukuambia uhesabu watu," akasema. "Hesabu hatua."

Kutoka mlango wa kile chumba hadi meza ya kulalia zilikuwa hatua tisa za mtu mzima. Mkuu wa Idara alikuwa na desturi yake ambayo sikuikuta mahali pengine popote, wala chuoni hatukufundishwa. Alisema mtu akishalala mezani anafanana na kila mtu mwingine, lakini akitoka mlangoni mpaka mezani anakuonyesha ugonjwa wake bila wewe kumwuliza lolote. Kwa hivyo ilikuwa sheria kwake: mtazame mgonjwa hatua zote tisa, usimwendee kumshika mkono isipokuwa anaanguka, halafu geuza fomu na uandike ulichoona.

Fomu ninayosema ni ile karatasi ya ombi ambayo daktari huandika. Upande wa mbele kuna jina la mgonjwa, umri, na sehemu ya mwili inayotakiwa kupigwa picha. Upande wa nyuma hauna kitu. Katika hospitali nyingi hubaki hivyo hivyo milele. Kwa Mkuu wa Idara, picha haikutoka kwenda kwa daktari kama nyuma ya fomu ni peupe. Tuliandika maneno machache tu: anachechemea kulia, anajishika ukuta, anatembea vizuri na anacheka. Madaktari wengine walitucheka. Mmoja alinirudishia fomu siku moja ameandika chini ya maneno yangu kwamba na yeye pia anatembea vizuri na anacheka.

Ufundi wenyewe nilijifunza baadaye. Siku hizo picha ilikuwa filamu, si kompyuta. Tuliiingiza ndani ya kaseti, ambayo ni kisanduku bapa kisichopitisha mwanga, tukaiweka chini ya mgonjwa, tukajificha nyuma ya ukuta wenye risasi na kubonyeza. Risasi hiyo si ya bunduki, ni madini mazito yanayozuia miale. Kisha filamu ilipelekwa chumba cha giza, ikachovywa kwenye kemikali, ikasuuzwa, ikaanikwa kama nguo. Mikono yangu ilinuka dawa hiyo hata Jumapili kanisani.

Kuna jambo moja kuhusu eksirei ambalo lazima ulishike, kwa sababu habari yangu yote inalitegemea. Eksirei huona mfupa. Watu husema uti wa mgongo wakimaanisha ile mifupa unayoigusa kwa kidole, lakini ile mifupa huitwa pingili. Uti wenyewe ni kamba laini ya neva, nene kama kidole kidogo, inayoshuka kutoka kwenye ubongo ndani ya tundu la pingili, nayo ndiyo inayopeleka amri miguuni. Kamba hiyo eksirei haiioni. Pingili zinaweza kutoka nzuri kabisa kwenye filamu, na kamba iliyo ndani yake ikawa inabanwa.

Mimi nililijua hilo. Nililiandika kwenye mtihani na nikapata alama zote.

Nilikuwa na miaka mitano kazini alipoletwa kwetu mzee mmoja wa Kiritiri, mfanyabiashara wa mbuzi aitwaye Nyaga. Ninamwita mzee kwa heshima tu, hakuwa amefika hamsini. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amepasuliwa kichwa Nairobi na kutolewa uvimbe wa ubongo, akapona, akarudi sokoni. Kovu lilionekana kisogoni. Fomu ilisema: eksirei ya kiuno, maumivu ya mgongo, anainua mizigo. Mizigo yenyewe ilikuwa mbuzi. Siku za soko aliwainua na kuwapakia kwenye pikapu mmoja mmoja, na hata yeye aliniambia, "Hii ni mbuzi tu, daktari. Kuna beberu mmoja alinimaliza."

Ilikuwa siku ya kliniki na foleni ilifika nje. Nilimwona akitembea zile hatua tisa. Niliona anainua magoti juu kuliko kawaida na kuitupa miguu chini, kama mtu anayetembea ndani ya maji. Nililiona, nikasema moyoni kwamba nitaandika nikimaliza picha. Nikapiga picha, nikaitoa chumba cha giza, na pingili zilikuwa nzuri mno, zimepangana kama sahani kabatini. Nikafurahi kwa ajili yake. Nikafanya jambo ambalo mpiga picha haruhusiwi kufanya: nikamsomea picha. Nikamwambia, "Mifupa yako iko sawa, baba. Enda upumzike." Alinishukuru kwa mikono miwili. Nyuma ya fomu sikuandika kitu, kwa sababu mgonjwa aliyefuata alikuwa mtoto anayelia.

Baada ya wiki nne alirudishwa kwenye kiti cha magurudumu. Kutoka kifuani kwenda chini hakuhisi kitu. Wakampeleka Nairobi haraka, na baada ya muda ikaja barua. Mkuu wa Idara aliniita ofisini, akafunga mlango, akanipa niisome kwa sauti. Barua ilisema kwamba uvimbe wa ubongo ulikuwa umeangusha mbegu kwenye uti wa mgongo, na mojawapo ilikuwa imekua mpaka ikaibana kamba. Ilisema pia kwamba mgonjwa hatatembea tena.

Nilipomaliza, akanipa ile fomu ya zamani.

"Ulimwona akitembea?"

"Nilimwona."

"Alikuwa anatembeaje?"

Nikamweleza, magoti juu, miguu inatupwa. Akageuza fomu, akaiweka mezani mbele yangu upande ule mweupe. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Sasa daktari angejuaje?"

Sijawahi kukaripiwa vikali kuliko hivyo. Na lile neno langu, enda upumzike, ndilo lililoniuma zaidi ya foleni na zaidi ya fomu, kwa sababu yule mzee alinitii. Alienda akapumzika wiki nne.

Mkuu wa Idara hakunifukuza. Alinikalisha, akanieleza ugonjwa wenyewe, nami nataka nikueleze wewe kama alivyonieleza, ila kwa mfano wangu, maana yeye hakulelewa na mfereji kama mimi.

Kwetu Ruiri tuko chini. Maji ya kunyunyizia mashamba hutoka juu, upande wa Kibirichia, yakishuka kwenye mifereji. Nikiwa msichana tulipalilia mpaka shamba likawa safi, halafu mwezi uliofuata tukakuta magugu ambayo hatujawahi kuyaona, yameota kwa mstari kando ya mfereji. Baba alikuwa akitazama juu mlimani na kusema kuna mtu huko hajapalilia. Mbegu zilikuja na maji.

Ubongo nao umezungukwa na maji masafi. Maji hayo hayakai kichwani tu. Hushuka na kuuzunguka uti wote mpaka kiunoni, kisha hupanda tena. Uvimbe mwingi unaoanzia kwenye ubongo hubaki pale pale ulipoanzia. Lakini kuna aina chache, nazo ni nadra, zinazoota kandokando ya maji hayo, hasa kwenye ubongo mdogo ulio kisogoni. Hizo zinaweza kuangusha mbegu zikashuka na maji na kuota mgongoni. Mgonjwa huumwa kichwa asubuhi, hutapika, huyumba kama mlevi. Hayo ni ya kichwani. Halafu, pengine wakati huo huo, pengine baada ya miaka, mgongo unauma, miguu inakuwa mizito au inakufa ganzi, haja ndogo inakataa kutoka. Hayo ni ya mbegu. Na kwa sababu kwetu kila mgongo una kazi ya kusingiziwa, huyu mbuzi, yule magunia, mwingine jembe, hakuna anayeunganisha kisogo na kiuno.

Nilikaa Embu miaka kumi na mmoja. Baada ya siku ile nyuma ya fomu zangu hapakubaki peupe tena, na yule daktari aliyekuwa akitucheka akaanza kugeuza fomu kabla hajatazama filamu.

Halafu nikahamishiwa Meru. Huko ndiko niliiona kazi yetu ikibadilika. Kwanza ikaja mashine ya CT, ambayo ni eksirei inayomzunguka mtu na kumwonyesha vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Miaka ikapita, nikaenda kusomea MRI, nikapewa kazi kwenye kituo cha picha mjini. MRI haina miale kabisa. Ni sumaku kubwa yenye tundu, mgonjwa huingizwa ndani akiwa amelala, nayo humgongea kelele kama fundi wa mabati kwa nusu saa au zaidi. Ndiyo inayoiona ile kamba laini, na maji yake, na hata punje ndogo iliyokaa juu yake, hasa ukimdunga mgonjwa dawa ya kung'arisha kwenye mshipa. Siku ya kwanza nilipouona uti wa mgongo wa mtu aliye hai kwenye kioo cha kompyuta, mzima, kuanzia shingo hadi mwisho, nilimkumbuka Nyaga na nikatoka nje kidogo.

Kile chumba cha MRI kilikuwa na hatua kumi na tatu kutoka mlango wa kubadilishia nguo hadi mezani. Nilizihesabu siku niliyoripoti. Nikalisogeza benchi la wagonjwa ndani mpaka kutoka hapo zikawa tisa. Mkubwa wangu huko, Daktari Msomaji, yaani daktari bingwa wa kusoma picha, alikuwa mama mwenye akili kali na ratiba kali kuliko akili. Aliniuliza kwa nini benchi liko katikati ya njia. Nikamweleza. Akasema, "Mama Kinya, wewe fanya uchawi wako, bora picha zitoke kwa wakati." Kinya ni binti yangu wa kwanza, na kule watu walinijua kwa jina lake.

Sasa nikueleze habari ya Mutwiri.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili kutoka Kibirichia, mpakiaji wa viazi. Kama hujawahi kuona lumbesa, ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kichwa cha wavu juu yake na kujazwa tena, mpaka linakuwa refu kama mtu. Vijana hulibeba mgongoni kutoka shambani hadi kwenye lori. Kwa miezi mitatu Mutwiri alikuwa akitapika asubuhi na kuyumba, na wenzake wakamwita Mlevi, ingawa hanywi; mama yake ni wa kanisa na angemwua. Mwishowe alianguka na gunia. Hospitali wakampiga CT, wakaona uvimbe kisogoni, wakaomba apigwe MRI ya ubongo ili daktari wa upasuaji Nairobi apate picha nzuri kabla ya kumpasua wiki ile ile. Fomu ilisema: ubongo, pamoja na dawa ya kung'arisha. Basi.

Alikaa kwenye benchi akiwa na gauni la hospitali na patipati za bluu, zile ndala tunazowapa wagonjwa. Mama yake alikuwa mlangoni. Nikamwambia asimame aje.

Aliyumba. Hilo nililitarajia, kwa kuwa ubongo mdogo ndio unaomsawazisha mtu. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kiuno. Hatua ya tano, patipati ya mguu wa kushoto ikamtoka ikabaki nyuma. Yeye akaendelea na hatua ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa, mguu mtupu juu ya sakafu baridi, akaketi mezani na kungoja.

Mama yake akacheka. "Hata nyumbani ni hivyo. Viatu zake naokota kila mahali kama za mtoto."

Nikamwuliza Mutwiri kama anajua patipati yake iko wapi. Akatazama chini, akashangaa kuona mguu.

Nikamwuliza habari za mgongo. Mama akajibu kabla yake kwamba hiyo mgongo ni ya lumbesa, si kitu, anaipaka dawa ya kuchua kila jioni. Nikamwomba mama kwa upole amwachie mwanawe aseme. Mutwiri akasema unauma zaidi akilala kuliko akibeba. Halafu akapunguza sauti kwa sababu ya mama, akaniambia kwamba siku hizi akienda chooni husimama muda mrefu kabla haja ndogo haijatoka.

Hapa uelewe sheria yetu. Mpiga picha hapigi kisichoandikwa kwenye fomu. Si ukaidi, ni ulinzi wa mgonjwa, kila mtu asije akajipigia anavyotaka. Kuongeza mgongo ni lazima daktari aidhinishe. Lakini pia uelewe kilichokuwa mezani kwangu. Kijana huyu angepasuliwa kichwa siku chache zijazo. Kama kulikuwa na mbegu mgongoni, angelala kitandani baada ya upasuaji huku kamba ikizidi kubanwa, na kila mtu, hata madaktari, angesema udhaifu wa miguu ni uchovu wa operesheni. Kufikia siku ya kugundua, miguu ingekuwa imekwisha. Nilishaona kiti cha magurudumu cha mtu wa namna hiyo.

Nikaenda ofisini kwa Daktari Msomaji. Alikuwa mbele ya kioo na picha nyingi za watu zikimngoja.

"Fomu inasemaje?" akaniuliza bila kugeuka.

"Ubongo."

"Basi nipe ubongo. Kuna watu wanne huko nje."

"Naomba na mgongo wote, kutoka shingoni mpaka chini kabisa."

"Anafanya kazi gani?"

"Anapakia viazi Kibirichia."

Sasa akageuka. "Mama Kinya. Hata mimi ukinibebesha lumbesa siku moja, utanipiga picha ya mgongo mpaka uchoke."

"Lumbesa inaumiza kiuno, daktari. Haimfanyi mtu aache patipati nyuma asijue ameiacha."

Akasukuma kiti nyuma. "Ameacha nini?"

Nikamsimulia, hatua kwa hatua, pamoja na habari ya choo. Hakusema nimeshinda wala nimeshindwa. Alichukua pamba kwenye droo, akaja mpaka mezani, akamwambia Mutwiri alale, afumbe macho na aseme "ndiyo" kila akiguswa. Mguu wa kulia alisema ndiyo mara zote. Mguu wa kushoto pamba ilipita kutoka kidole hadi goti, na kijana amelala kimya, anangoja kuguswa. Mama yake aliyekuwa mlangoni aliacha kucheka. Nilimwona ameiokota patipati ile na kuishika kwa mikono miwili.

Daktari Msomaji akachukua fomu, akaongeza kwa kalamu yake maneno matatu, uti wa mgongo, akaweka sahihi. "Piga yote," akaniambia. "Hao wanne nitazungumza nao mimi mwenyewe."

Tulimaliza baada ya saa moja na nusu. Uvimbe wa kisogoni ulionekana wazi. Kisha nikafungua picha za mgongo. Dawa ilipoingia, juu ya kamba pakang'aa punje nyeupe, ndogo ndogo, kama sukari iliyomwagika. Chini, karibu na mahali kamba inapoishia, palikuwa na punje moja iliyokua ikawa kubwa kama harage, imeisukuma kamba upande. Lakini bado palikuwa na mstari mwembamba wa maji kati yake na ukuta wa pili. Nafasi ilikuwepo bado.

Daktari Msomaji aliinama nyuma yangu, akaipima ile punje kwenye kioo. Halafu akasema, "Geuza fomu uandike. Na uandike saa."

Nikaandika: ameacha patipati hatua ya tano, hakujua. Yeye akampigia simu daktari wa upasuaji, nikasikia akimsomea maneno yangu kama yalivyo. Siku hiyo hiyo Mutwiri alianzishiwa dawa ya kupunguza kufura kwa kamba, na kesho yake akapelekwa Nairobi kwa gari la wagonjwa. Walimtoa uvimbe wa kichwani na kuupima, ukawa ule wa nadra unaoshuka na maji. Jina lake la kitabuni ni medulloblastoma. Huwapata zaidi watoto, wakubwa mara chache. Kwa sababu picha ilikuwa imeonyesha mgongo, walipanga matibabu ya mfereji wote tangu mwanzo: miale kichwani na mgongo mzima, kisha dawa za saratani kwa miezi mingi. Mama yake alimaliza viti vya wadi zote kwa kuvikalia.

Alirudi kwetu baada ya mwaka na zaidi kwa picha ya kufuatilia. Amekonda, nywele zimeota upya nyembamba. Nilimketisha kwenye benchi na patipati za bluu, nikasimama ukutani. Akatembea kwa fimbo, polepole, hatua tisa. Hatua ya tano akasimama, akanitazama, akainua mguu wa kushoto na kunionyesha patipati iko. Mama yake alikuwa ameniletea viazi ndani ya ndoo. Akasema, "Ndoo tu, Mama Kinya. Lumbesa tumeacha."

Sitakudanganya kwamba ugonjwa ule una ahadi. Mutwiri anaendelea kupigwa picha kila baada ya muda, na kila mara mama yake hafungi mdomo kuomba mpaka Daktari Msomaji atoke. Ninachojua ni kwamba hadi leo anatembea. Kazi yake siku hizi ni kuchambua mbegu za viazi akiwa ameketi, na wale waliomwita Mlevi ndio wanaombebea.

Siku yangu ya mwisho kazini, Karimi, aliyechukua nafasi yangu, alinikatalia kugusa mashine. Alinikalisha kwenye kiti kando ya ukuta kama mgeni. Daktari Msomaji akaniletea keki, akatoa hotuba fupi, akasema kwa miaka mingi alidhani mimi ndiye mtu mkaidi kuliko wote Meru na bado hajabadilisha mawazo. Tukacheka. Lakini zawadi niliyoipenda sikupewa na mtu yeyote. Keki ilipoisha nilipita mezani pa Karimi kuchukua mkoba wangu, nikakuta fomu za siku hiyo zimerundikwa. Nikazigeuza moja moja. Zote zilikuwa zimeandikwa nyuma.

Zamani, nikiwa bado Embu, nilipata pia nafasi ya kwenda Kiritiri. Nyaga aliishi miaka michache kwenye kile kiti, na nilimwomba msamaha akiwa hai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimewaambia wengine. Nikamwambia ninaanza. Akasema, "Basi waambie."

Kwa hivyo nakuambia. Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyewahi kuambiwa ana uvimbe wa ubongo, hata kama ulitolewa zamani na amepona, akianza kulalamika mgongo, miguu mizito, ganzi, au shida ya kukojoa, usimpake dawa ya kuchua na usimwambie apumzike. Mwambie atembee hatua tisa mbele yako. Andika ulichoona kwenye karatasi. Chukua karatasi hiyo pamoja na barua yake ya hospitali, mpeleke siku hiyo hiyo, na ukifika kwa daktari sema hivi: huyu alikuwa na uvimbe wa ubongo, naomba mmwangalie na mgongo.